Daftari la Pijo

Pijo ya mzee Ndelilio imekula barabara
kilomita laki saba na ushee, kwa hesabu yangu mimi,
maana hesabu ya kwenye dashibodi ilichoka zamani:
ilirudi sifuri, ikapanda tena, ikarudi,
kisha siku moja pale njia panda ya Himo
ikaganda kwenye nane, moja, na nusu ya tatu,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Tangu hapo naandika kwenye daftari la shule.
Uru–Moshi, kwenda na kurudi, kuni na mwalimu mgonjwa.
Uru–Mwika, mikungu sita, posa ya Anaeli.
Uru–Mawenzi, usiku.
Hapo sikuandika zaidi.

Kazi hii niliianza nikiwa na miaka tisa,
cheo changu mshika kurunzi.
Baba yuko chini ya gari, nje imebaki miguu tu,
sauti yake inapita kwenye oili:
"Mulika nati, Apaikunda, si nyota!"
Nikisinzia mwanga unahama, spana inateleza,
na ndipo nilipojua kuwa baba ana maneno
ambayo mama hajawahi kuyasikia.

Tenki lilipotoboka tulisugua sabuni ya mche.
Rejeta ilipovuja tulipasulia yai humo ndani.
Plagi zilivuka kutoka Taveta chini ya vitunguu, miaka ile
ambayo hata vitunguu vyenyewe vilikuwa habari.
Na belti ya feni ilipokatika kwenye mlima wa Kilema
shangazi Ndeshukurwa hakungoja kuulizwa,
aligeukia migomba, akavua soksi zake za nailoni za kanisani,
akarudi miguu mitupu
na heshima yake yote.

Mlango wa kushoto ulikuwa wa padri wa Kibosho.
Kiti cha nyuma kilitoka kwenye basi la shule, bado kina majina.
Injini ni ya Pijo iliyopinduka Kikafu;
mwenyewe alipona, ana duka kando ya barabara,
akitusikia tunapita hutoka nje kupunga mkono,
na najua si mimi anayenipungia.

Fundi Mbwambo wa Pasua hufumba macho kwanza.
"Valvu ya tatu," husema, "inasema uongo."
Kisha anaagiza chai.

Juzi, karibu na soko la Kiboriloni,
trafiki kijana, sare nyeupe kama karatasi ya mtihani,
alifungua boneti, akasoma, akasoma kadi, akasoma tena.
"Mama, injini siyo hii. Rangi imeandikwa kijivu.
Sasa gari lenyewe ni lipi?"

Nikamuuliza kwao ni wapi. Machame.
"Kihambani kwenu umebaki mgomba hata mmoja
alioupanda babu yako kwa mkono wake?"
Akafikiri kweli, nilimwona.
"Haupo. Yamebaki machipukizi ya machipukizi."
"Na kihamba ni cha nani?"
"Cha babu."
Sikuongeza neno. Miaka thelathini na moja ya ualimu
imenifundisha pa kunyamaza.

Akanirudishia kadi. Nikawasha.
Kimya.
Nikawasha tena: kikohozi, kimya.
Aliitazama sare yake, akaitazama foleni nyuma yangu,
akavua kofia, akaitupa kiti cha nyuma,
akaegemeza bega.
"Si hapo, afande, hapo pana kutu. Shika nguzo."

Iliponguruma sikuthubutu kuondoa mguu.
Nilimpungia kwenye kioo, naye alipunga mikono yote miwili,
nikadhani ni furaha.

Kiboriloni–Uru. Imesukumwa mara moja.
Oili nusu lita.
Kofia ya trafiki, nyeupe, ya kichwa kidogo:
irudishwe kesho, ikiwaka.